Tamthilia za hospitali za Kichina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtazamaji wa kawaida anayetaka kuzifurahia tamthilia za madaktari kutoka China bila kupotea njiani. Mfano unaorudiwa zaidi ni Waike Fengyun ya mwaka 2017, inayojulikana nje ya China kwa jina la Surgeons, kwa kuwa ina karibu kila kitu kinachomkwaza mgeni. Mwisho wa hadithi haufichuliwi popote.

## Kuanza

Nianze na ipi?

Anza na Surgeons. Daktari Zhuang Shu, anayeigizwa na Jin Dong, anarudi kutoka ughaibuni kufanya kazi katika hospitali ya Renhe. Miaka 30 nyuma, mama yake alikuwa muuguzi hapo hapo na alitupiwa lawama za kosa la dawa. Anakutana na Lu Chenxi, anayeigizwa na Bai Baihe, daktari wa upasuaji wa kifua na moyo mwenye mikono mizuri na mdomo usiojua kusubiri. Una fumbo la zamani na una wagonjwa wapya kila sehemu, kwa hiyo moja likikuchosha jingine linakubeba.

Kama hupendi mafumbo na unataka maisha ya wodini tu, tafuta Xin Shu ya mwaka 2012, iliyotoka nje kwa jina la Angel Heart, inayohusu idara ya upasuaji wa ubongo. Asiye na muda atazame Zai Yiqi ya mwaka 2020, kuhusu wahudumu wakati wa UVIKO-19: hadithi 10, kila moja sehemu mbili, basi.

Unaweza pia kupima kwa bango. Ukiona wawili wanatazamana bila barakoa huku koti jeupe likipepea, hiyo ni ya mapenzi, na hospitali ni pambo. Ukiona watu wanane wamesimama kwenye korido na nyuso za kukosa usingizi, hapo kuna kazi.

Itanila bando kiasi gani?

Surgeons ina sehemu 44 za takribani dakika 45, yaani kama saa 33. Kwa ubora wa 480p, saa moja hula karibu nusu GB hadi 0.7, hivyo tamthilia nzima ni kati ya GB 16 na 23. Ukishuka hadi 360p utamaliza kwa GB 10 hivi, lakini maandishi ya chini yataanza kufifia kwenye simu yenye kioo kidogo. Pakua usiku kwa Wi-Fi kama programu inaruhusu, na kabla ya kuanza hakikisha manukuu yamepakuliwa pamoja na picha. Wengi hugundua kwamba hayapo wakiwa tayari ndani ya basi.

Tamthilia mpya ni fupi kidogo. Mwezi Februari 2020 mamlaka ya utangazaji ya China ilitoa mwongozo kwamba tamthilia isizidi sehemu 40, na ikahimiza zisizozidi 30.

Sauti ya Kiswahili au manukuu?

Inategemea unatazama na nani. Mama akiwa anachambua mboga huku anasikiliza, sauti ya Kiswahili haina mpinzani. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 2011, TBC iliporusha tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa Kiswahili, na siku hizi chaneli za StarTimes zina Wachina wanaozungumza Kiswahili kila siku. Doudou mwenyewe alikuwa nesi, na Hai Qing aliyemwigiza ndiye pia nesi wa Xin Shu. Waliompenda kwa wakwe watamkuta tena wodini.

Hasara ya sauti iliyoingizwa ni kwamba vyeo hupotea. Kila mwenye koti anakuwa "daktari", na katika tamthilia hizi cheo ndicho nusu ya ugomvi (tazama "Zhuren ni nani?"). Kwa hiyo anayetazama peke yake, manukuu.

Kuhusu manukuu ya Kiswahili yanayotengenezwa na mashine: mengi hupitia Kiingereza kwanza, kwa hiyo usishangae ukikuta daktari aliye mafunzoni ameitwa "mkazi", chumba cha upasuaji kimekuwa "ukumbi wa maonyesho", na mgonjwa amekuwa "mvumilivu". Yanafanya kazi tu pale video ina faili ya manukuu. Maandishi ya Kichina unayoyaona chini ya picha mara nyingi yamechomwa ndani ya picha yenyewe, na hayo kitufe cha kutafsiri hakiyagusi.

Kuna jambo moja tunalopata bure. Kwa kusema, Kichina hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu: wote ni "ta", kama sisi tunavyosema "yeye". Tamthilia hutumia hilo kuficha mtu anayezungumziwa. Manukuu ya Kiingereza hulazimika kuchagua, na mara nyingine huvujisha siri. Ya Kiswahili huiacha ilivyo.

Majina yananichanganya. Nifanyeje?

Jina la ukoo hutangulia: Zhuang ni ukoo, Shu ni jina lake. Mtu mmoja huitwa kwa namna nne au tano kulingana na anayemwita. Lu Chenxi anaweza kuwa "Lu daifu", yaani daktari Lu, kwa mgonjwa; "Xiao Lu" kwa mkubwa wake, kwani "xiao" ni mdogo; na Chenxi kwa rafiki. Mzee huwekewa "lao" mbele ya ukoo wake. Anayemfundisha mwingine kazi huitwa "laoshi", mwalimu, hata kama hajawahi kushika chaki.

Shika ukoo tu, ukoo haubadiliki. Andika watu sita kwenye karatasi katika sehemu mbili za kwanza, na kufikia ya tano hutaihitaji. Kwa matamshi: "zh" isome karibu na "j" yetu, "q" iwe "ch", "x" iwe "sh" laini, na "c" iwe "ts". Kwa hiyo Qin ni Chin, na Chenxi ni Chenshi.

## Ndani ya hospitali

Zhuren ni nani, na mbona wapo wawili kwenye chumba kimoja?

Madaktari wa China wana ngazi nne. Chini kabisa ni zhuyuan yishi, anayeshinda na kulala wodini. Juu yake yuko zhuzhi yishi, anayebeba mgonjwa mwenyewe. Kisha fu zhuren yishi, na kileleni zhuren yishi. Hizo ni ngazi za taaluma. Pembeni yake kuna wadhifa wa mkuu wa idara, ambaye naye huitwa zhuren. Idara inaweza kuwa na madaktari kadhaa wenye ngazi ya zhuren lakini mkuu ni mmoja.

Ugumu unaongezwa na adabu: "fu" maana yake ni naibu, na watu hulimeza neno hilo wanapomwita naibu usoni, ili wasimshushe. Ndiyo maana unasikia zhuren huku na zhuren kule. Ukitaka kujua mkubwa halisi, angalia nani anatangulia wakati wa mzunguko wa asubuhi wodini, na nani anaketi katikati kwenye kikao cha kujadili mgonjwa. Tamthilia haikosei hapo.

Kupanda ngazi hakutegemei kisu peke yake. Makala za utafiti huhesabiwa, na ndiyo maana utaona daktari hodari amekwama chini kwa sababu hakuandika, au mkubwa ameweka jina lake juu ya kazi ya mdogo. Ukisikia neno "lunwen", makala, jiandae kwa ugomvi. Hushizhang, muuguzi mkuu, hana kisu, lakini mara nyingi ndiye anayejua siri zote za jengo.

"San jia" wanayojivunia ni nini?

Ni daraja la juu. Hospitali za China zina ngazi tatu, ya tatu ikiwa kubwa yenye vitanda 500 au zaidi, na kila ngazi hupewa alama. San jia ni ngazi ya tatu, alama ya kwanza. Mgonjwa anayetoka kijijini akipita hospitali mbili njiani huwa anaifuata hiyo.

Kwa nini watu wanalala foleni nje?

Wanatafuta guahao, namba ya kuonana na daktari. Namba ya bingwa huwa chache na huisha mapema. Hapo huingia huangniu, kwa maana ya neno "ng'ombe wa manjano", ambao ni vishoka kamili: hushika namba na kuziuza kwa bei ya kuruka. Siku hizi kujiandikisha hufanyika kwa simu, na tamthilia za karibuni huonyesha mzee asiyejua simu akihangaika mbele ya mashine.

Mgonjwa yuko hoi, kwa nini wanasubiri ndugu asaini?

Hili ndilo linalowaudhi watazamaji wengi, na ndilo linalostahili subira. Usipolielewa, nusu ya tamthilia itaonekana upuuzi.

Kanuni za usimamizi wa hospitali za mwaka 1994 zilitaka upasuaji upate ridhaa ya mgonjwa na pia saini ya familia. Karatasi hiyo inaorodhesha kila baya linaloweza kutokea, na anayesaini anakuwa amebeba sehemu ya mzigo. Kwa hiyo daktari anayesimama na kalamu mkononi kwenye korido hachezi na muda. Akikata bila saini na mgonjwa akafa, kesi ni yake na hospitali.

Mwezi Novemba 2007, mjini Beijing, mjamzito alifariki pamoja na mtoto aliye tumboni baada ya mwenzake kukataa kusaini. Nchi nzima ilijadili. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2010 iliuweka wazi mlango wa kutokea: katika dharura ambapo maoni ya mgonjwa au ndugu hayapatikani, mkuu wa hospitali au aliyepewa mamlaka anaweza kuidhinisha. Sheria ya Madai iliyoanza Januari 2021 imelirudia jambo hilo katika kifungu cha 1220.

Sasa angalia mwandishi anavyoutumia mlango huo. Simu inapigwa kwa mkurugenzi saa nane usiku, naye anatakiwa kuamua kwa jina lake. Kuna mkurugenzi anayejibu "fanyeni", na kuna anayeuliza "ndugu wako wapi?" Hapo umeshamjua mtu bila kuambiwa. Ndugu nao ni vivyo hivyo: mtoto wa kiume anayetetemeka na kalamu, mke wa pili asiyejua kama ana haki ya kusaini, baba anayeuliza bei kwanza. Upasuaji wenyewe mara nyingi ni taa, barakoa na mlio wa mashine. Mchezo uko kwenye korido. Ukitaka kutoka kuchukua chai, toka wakati wanapasua.

Kwa nini ndugu wanaambiwa saratani na mgonjwa anafichwa?

Ni desturi iliyozoeleka: habari mbaya hupewa familia kwanza, nayo ndiyo inaamua mgonjwa ajue nini. Daktari anakuwa mshiriki wa uongo asiouanzisha. Mtazamaji wa huku hahitaji maelezo marefu. Ni familia ngapi zimemwambia babu ni "vidonda vya tumbo"? Tofauti ni kwamba kwenye tamthilia ripoti huwa imeachwa mezani, na mgonjwa anajua kusoma.

Bahasha nyekundu ni rushwa au zawadi?

Hongbao kwenye harusi na mwaka mpya ni zawadi. Mfukoni mwa daktari kabla ya upasuaji ni rushwa, na kuanzia Mei 2014 hospitali za ngazi ya pili na kuendelea ziliagizwa kusainishana na wagonjwa makubaliano ya kutotoa wala kupokea. Kwenye tamthilia, daktari mwema kwa kawaida hakatai papo hapo. Anapokea ili familia ilale usingizi, kisha anaiingiza fedha yote kwenye akaunti ya matibabu ya mgonjwa. Ukiona risiti inatajwa baadaye, ndiyo hiyo.

Wale wanaovamia na mabango na mashada ya maua ni nani?

Huitwa yinao: vurugu za hospitalini, wakati mwingine za ndugu wenye uchungu, wakati mwingine za watu waliokodiwa ili hospitali ilipe fidia inyamaze. Marekebisho ya sheria ya jinai yaliyoanza Novemba 2015 yalizitaja waziwazi kuwa kosa. Usikimbilie kuchagua upande katika dakika ya kwanza. Tamthilia nzuri humpa ndugu aliyebeba bango sababu ya kweli, na hukuonyesha kwamba hakuna aliyekaa naye kumweleza kilichotokea.

## Tiba yenyewe

Wanayoyafanya ni ya kweli?

Vifaa na maneno, mara nyingi ndiyo. Mikono, mara nyingi sivyo.

Kosa la kwanza ni kubonyeza kifua. Kwa mtu mzima inatakiwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikono imenyooka. Mwigizaji hukunja viwiko na kubembeleza, kwa sababu anayelala chini ni mzima na mbavu zake ni za kweli. Kwa hiyo usijifunzie huduma ya kwanza hapo. Chukua namba tu, nazo ni sahihi: mibonyezo 30, pumzi 2.

Kosa la pili ni mstari ulionyooka. Mashine inalia "tiiii", daktari anapiga shoti, mgonjwa anaruka. Ukweli ni kwamba shoti hutolewa moyo unapotetemeka ovyo bila kusukuma damu. Mstari ukishanyooka, shoti haisaidii. Hubonyezwa kifua na kutolewa adrenalini.

Kosa la tatu ni barakoa iliyoshuka chini ya pua. Hiyo ni kwa ajili ya kamera.

Wanachopatia ni mambo madogo: daktari aliyekwisha nawa hushika mikono juu ya kiuno na hafungui mlango kwa kiganja, muuguzi huhesabu vitambaa kabla tumbo halijafungwa. Hesabu ikirudiwa mara mbili, kaa vizuri.

Mbona kila mara ni mshipa mkubwa wa moyo uliochanika?

Zhudongmai jiaceng ni ugonjwa anaoupenda kila mwandishi, na si bure. Ukuta wa mshipa mkubwa utokao moyoni una tabaka tatu. Tabaka la ndani likichanika, damu hujipenyeza katikati na kuutenganisha ukuta. Ikiwa ni sehemu iliyo karibu na moyo, hatari ya kifo bila upasuaji hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2 kwa kila saa katika saa 48 za mwanzo. Saa ya ukutani inakuwa mhusika.

Tena unafanana na shambulio la moyo: maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni. Daktari mchanga akikosea na kumpa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, amemmaliza. Dalili ya kuiwinda kabla hawajasema: mtu anapima presha mkono wa kulia, anakunja uso, kisha anapima wa kushoto. Namba zikipishana sana, umeshajua kabla ya zhuren.

Ni maneno gani niyashike kwa sikio?

Machache yanatosha. "Qiangjiu" ni kuokoa mtu aliye mahututi. Likisikika, mbio zinaanza. "Xueya" ni presha, "xinlü" ni mapigo ya moyo. "Jiashu" ni ndugu wa mgonjwa na "qianzi" ni kusaini. Yakifuatana, rudi kwenye swali la saini hapo juu. "Jizhen" ni idara ya dharura. Namba 120 ni ya gari la wagonjwa, 110 ni ya polisi.

Taa juu ya mlango inaandikwa 手术中, upasuaji unaendelea. Ikizimika, daktari anatoka. Akisema "women jinli le", tumefanya tulivyoweza, huhitaji manukuu.

## Tamthilia za kale

Anajuaje ugonjwa kwa vidole vitatu?

Tabibu wa jadi huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, sehemu tatu zenye majina ya cun, guan na chi, mikono yote miwili. Kushika mapigo ni njia ya nne tu. Zinatangulia kutazama, kusikiliza na kunusa, kisha kuuliza. Tabibu wa tamthilia anayeruka hizo tatu na kutangaza mimba ndani ya sekunde mbili anawahi tangazo. Ule uzi uliofungwa mkononi mwa mke wa mfalme na kupitishwa nyuma ya pazia ni hekaya tamu, itazame kama hekaya.

Tan Yunxian wa The Imperial Doctress aliishi kweli?

Aliishi. Alizaliwa mwaka 1461, enzi ya Ming, akafundishwa na bibi yake, akatibu wanawake, na akaacha kitabu chenye visa 31 vya wagonjwa wake. Mapenzi na mfalme ni ya tamthilia ya mwaka 2016, si ya historia. Mfalme Zhu Qizhen alitekwa na Wamongolia mwaka 1449, Tan hajazaliwa, na akafa mwaka 1464, Tan akiwa mtoto wa miaka mitatu hivi. Ukishajua hilo utaitazama kwa raha zaidi, maana hutakuwa unangoja ukweli mahali usipokuwepo.

## Ya pembeni

Midomo haiendani na sauti hata kwa Kichina. Simu yangu ina tatizo?

Hapana. Waigizaji wengi wa China huingiziwa sauti na wataalamu baada ya kurekodi, kwa Kichina hicho hicho. Ukihamia tamthilia nyingine utasikia sauti ile ile kwenye uso mwingine.

Inakwenda taratibu katikati. Niruke wapi?

Ruka kumbukumbu za nyuma zinazorudia picha ulizokwisha ziona, hasa zenye wimbo. Usiruke vikao vya asubuhi, hata vikionekana vikavu. Ndiko mtu anakoaibishwa, na sehemu kumi baadaye analipa kisasi. Jaribu pia kutazama sehemu mbili kwa mkupuo. Kuanzia mwaka 2015 chaneli za satelaiti za China zimekuwa zikirusha mbili kila usiku, na mwendo wa hadithi umezoea hivyo.

Kuna inayotugusa sisi moja kwa moja?

Welcome to Milele ya mwaka 2023 inahusu madaktari wa China walio kazini Afrika, na jina la kijiji ni neno letu, milele. Nyuma yake kuna historia ndefu: timu za madaktari wa China ziko Zanzibar tangu 1964, wakitokea jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara tangu 1968, wakitokea Shandong. Tazama jinsi Kiswahili kinavyotamkwa, kisha jadilianeni nyumbani.

Maandishi yanapita juu ya picha kama nyuki. Nayaondoaje?

Hayo ni danmu, maoni ya watazamaji yanayorushwa juu ya video yenyewe. Gusa skrini, tafuta kitufe chenye herufi 弹, kizime. Kizime mapema, kwa sababu aliyekwisha kumaliza tamthilia hupenda kurudi sehemu ya kwanza na kuandika nani anakufa.